Madoa ya MS kwenye ubongo na kipimo cha MRI: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wagonjwa na jamaa zao wa Unguja na Pemba, pamoja na wauguzi, wapiga picha na wanafunzi wa afya. Baadhi ya maswali ni ya mgonjwa, mengine ni ya mtu anayekaa mbele ya kompyuta kuhesabu madoa. Chukua linalokuhusu.

MS ni maradhi gani, na "doa" ni kitu gani hasa?

Maltipo sklerosisi, au MS kwa kifupi, ni maradhi ambayo kinga ya mwili inaushambulia ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Kinachoumizwa kwanza ni mailini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva na kuufanya ujumbe upite haraka. Mailini ikishambuliwa, pale mahali huvimba na kujaa maji. Baadaye hupona nusunusu au hubaki kovu. Hapo ndipo panapoitwa doa.

Jean-Martin Charcot aliyaeleza madoa haya mjini Paris mwaka 1868, baada ya kupasua maiti za wagonjwa aliowatibu. Zaidi ya miaka mia moja ikapita kabla ya kuweza kuyaona vizuri kwa mtu aliye hai: picha za mwanzo za MRI za wagonjwa wa MS zilichapishwa Uingereza mwaka 1981.

Huku kwetu maradhi haya yapo kweli?

Yapo, ila ni machache. MS hupungua kadiri unavyokaribia ikweta, na Unguja iko nyuzi 6 tu kusini yake. Uchache huo unaleta makosa ya namna mbili. Mtu anaweza kuhangaika miaka akitibiwa presha, "neva" au hata kijicho cha watu, na hakuna aliyeifikiria MS. Au MRI inapigwa, daktari asiyezoea anaona vitone vyeupe, na mgonjwa anatoka na jina la maradhi asiyokuwa nayo. Kosa la pili linasemwa kidogo, lakini lina gharama: dawa za MS ni ghali, baadhi yake ni kali, na zipo zinazoweza kumzidishia mtu mwenye maradhi mengine yanayofanana nayo.

Kwa nini isiwe CT, ambayo ni rahisi na ya haraka?

CT, yaani picha za eksirei za vipande vipande, ni nzuri kwa damu iliyovuja, fupa lililovunjika au uvimbe mkubwa. Madoa mengi ya MS haiyaoni. CT safi haimtoi mtu kwenye MS hata kidogo.

MRI inayaonaje?

Mashine haipigi eksirei. Ni sumaku kubwa inayopanga viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji na mafuta ya mwili, kisha mawimbi ya redio yanavisukuma na mashine inasikiliza vinavyorudi mahali pake. Kwa kubadilisha muda wa kusukuma na wa kusikiliza, unapata picha za namna tofauti, na kila moja ina jambo lake.

T2 huyapa maji weupe. Doa lina maji mengi kuliko nyama nzima ya ubongo, kwa hiyo linang'aa. Tatizo ni kwamba maji ya kawaida yaliyomo kwenye vyumba vya ubongo nayo yanang'aa, na doa lililo ukingoni mwake linamezwa na weupe huo. FLAIR iliundwa kulitatua hilo: inayazima maji ya kawaida yawe meusi na kuliacha doa jeupe. Ukitaka sikwensi (namna ya picha) moja tu kwa ajili ya MS, chagua FLAIR ya pande tatu yenye vipande vya milimita 1 kila upande. Kama mashine haiwezi, basi vipande vya bapa visivyozidi milimita 3, bila kuacha nafasi katikati.

T1 ya kawaida huonyesha madoa yaliyoharibika zaidi kama mashimo meusi. Likibaki jeusi kwa miezi, maana yake hapo hata nyuzi zenyewe zimekufa, si utando peke yake. Doa jipya nalo linaweza kuwa jeusi kwa muda kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo usilihukumu kwa picha moja.

T1 baada ya sindano ya gadoliniamu, dawa ya kung'arisha picha, huonyesha madoa yanayowaka, yaani yenye uvimbe sasa hivi.

FLAIR ina udhaifu wake: nyuma ya kichwa, kwenye shina la ubongo na ubongo mdogo, mapigo ya maji huleta weupe wa uongo na pia huficha madoa ya kweli. Ukiona doa hapo kwenye FLAIR, litafute kwenye T2. Lisipokuwepo, usiliandike.

Madoa ya MS hukaa wapi?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, kwa sababu jibu la MS liko zaidi kwenye mahali na umbo kuliko kwenye idadi.

Kwanza, ukingoni mwa vyumba vya maji. Doa liguse chumba chenyewe, bila mstari wa nyama nzima katikati. Mara nyingi huwa na umbo la yai na husimama wima kutoka kwenye chumba, kwa sababu uvimbe hufuata mshipa mdogo wa damu unaopita hapo. Huitwa vidole vya Dawson, kwa jina la James Dawson aliyeyaeleza mwaka 1916. Yaangalie kwenye kipande cha ubavuni, pale yanapoinuka kutoka kwenye daraja la katikati, lile linalounganisha nusu mbili za ubongo.

Pili, chini kabisa ya gamba la ubongo au ndani yake. Hapa pia liguse gamba.

Tatu, kwenye shina la ubongo, ubongo mdogo na mashina yanayouunganisha.

Nne, kwenye uti wa mgongo. Doa la MS huwa fupi, halifiki urefu wa pingili mbili, hukaa pembeni au nyuma ya uti na halichukui zaidi ya nusu ya upana wake. Uti ni muhimu kwa sababu ya jambo moja: ubongo hupata vitone kwa umri, uti haupati.

Tano, neva ya jicho, ambayo vigezo vya karibuni vimeiongeza kuwa mahali rasmi.

Doa lihesabiwe likiwa na urefu wa angalau milimita 3. Na tahadhari: vikofia vidogo vyeupe kwenye pembe za mbele na za nyuma za vyumba vya maji ni vya kawaida kwa watu wazima wengi. Wanafunzi huvihesabu kila mwaka.

Ripoti yangu imeandika "vitone vyeupe". Nina MS?

Huenda huna. Presha ya muda mrefu, sukari, sigara, kipandauso na umri vyote huleta vitone vyeupe, na kwa visiwani, ambako presha na sukari zimejaa kila nyumba, hiyo ndiyo sababu ya kufikiria kwanza kwa mtu aliyepita miaka 50. Vitone vya presha hupenda katikati ya nyama nyeupe, mbali kidogo na vyumba vya maji na mbali na gamba. Shina la ubongo likiguswa, huguswa katikati, wakati MS hupenda pembeni. Daraja la katikati na uti wa mgongo kwa kawaida havina kitu.

Kwa kijana aliyepofuka jicho ghafla au kufa ganzi miguu, orodha ni nyingine. Hapo kuna maradhi yanayoitwa NMOSD, ambayo kinga hushambulia neva za macho na uti, na watu wenye asili ya Kiafrika huyapata zaidi kuliko Wazungu. Doa lake la uti huwa refu, pingili tatu au zaidi, na hukaa katikati ya uti. Damu ipimwe kingamwili za akwaporini-4 kabla ya kuanza dawa yoyote ya MS, maana baadhi ya dawa hizo humzidishia mgonjwa wa NMOSD. Kuna pia MOGAD (maradhi mengine ya kinga kushambulia mailini), kifua kikuu cha ubongo, maambukizi yanayofuatana na VVU, kaswende na upungufu wa vitamini B12. Vipimo vya damu vya haya ni rahisi kuliko MRI ya pili, na ajabu ni kwamba mara nyingi vinakuja mwisho.

Daktari anasema "madoa yaenee mahali na wakati". Ni nini?

Ni msingi wa vigezo vya McDonald vya kutambua MS, vilivyotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa. Kwa toleo la 2017, kuenea mahali ni kuwa na doa angalau moja katika sehemu mbili kati ya nne: ukingo wa vyumba, gamba, shina na ubongo mdogo, uti. Kuenea wakati ni kuonyesha kuwa madoa hayakuja siku moja: ama picha ya baadaye ina doa jipya, au picha moja ina doa linalowaka na jingine lisilowaka. Maji ya uti wa mgongo yakikutwa na mistari maalumu ya protini, hayo yanaweza kusimama badala ya sharti la wakati. Toleo jipya lililochapishwa mwaka 2025 limeongeza neva ya jicho na kulegeza sharti la wakati kwa baadhi ya wagonjwa.

Vigezo hivi viliandikwa kwa mtu ambaye dalili zake tayari zinafanana na MS. Ukivitumia kwa kila mwenye kichwa kinachouma, utawapa MS watu wengi wasiokuwa nayo.

Sindano ya gadoliniamu ni lazima? Ina madhara?

Kwa uchunguzi wa kwanza inasaidia sana. Doa jipya huwaka kwa wiki 2 hadi 8, mara nyingi kama wiki 3. Likiendelea kuwaka kupita miezi 3, anza kufikiria maradhi mengine. Kwa picha za kufuatilia, kama ya zamani ipo na zote mbili zimepigwa vizuri, doa jipya linaonekana bila sindano.

Dozi ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Hapa makosa hutokea, kwa sababu dawa hazina ukali mmoja. Chupa ya milimoli 0.5 kwa mililita inahitaji mililita 0.2 kwa kilo: mtu wa kilo 60 anapata mililita 12. Chupa ya milimoli 1 kwa mililita inahitaji nusu ya hapo, mililita 6. Anayevuta kwa mazoea bila kusoma lebo anampa mgonjwa dozi maradufu, au nusu yake.

Baada ya sindano subiri angalau dakika 5. Hata 10 si mbaya. Ukipiga mara moja, doa halijawahi kunywa dawa na utaandika "hakuna linalowaka". Wapigaji wazuri huchoma sindano kwanza, kisha wanapiga FLAIR au T2 wakati wanasubiri, na T1 inakuja mwisho.

Figo zilizochoka sana, kiwango cha kuchuja chini ya 30, zinahitaji mazungumzo kabla ya sindano. Mjamzito hapewi ila kwa haja kubwa. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha, kwani kinachofika kwenye maziwa ni kidogo mno. Tangu mwaka 2014 inajulikana kuwa mabaki ya gadoliniamu hubaki kwenye ubongo, zaidi kwa dawa za muundo wa mnyororo. Zile za muundo wa pete ndizo za kuchagua. Madhara ya mabaki hayo hayajathibitika, lakini hiyo si ruhusa ya kuchoma kila mwaka bila sababu.

Na jambo linalosahauliwa: steroidi za mshipa, gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, huzima mwako wa doa haraka. Kama hali inaruhusu, picha itangulie dawa. Kama dawa imeshaanza, iandikwe kwenye fomu ya kuombea kipimo.

Siku ya kipimo nivae nini, nivue nini?

Nguo nyepesi ya pamba isiyo na zipu wala vibati. Kina mama, angalieni pini za ushungi: siku hizi nyingi ni za sumaku, na pini ya sumaku ndani ya chumba cha MRI huruka. Njooni na ushungi wa kuvutwa tu, au ule wa kushonwa usiohitaji pini. Kipini cha pua, herini, bangili, mkufu, sidiria yenye waya na hirizi iliyofungwa kwenye bati vyote vinatoka. Buibui lenye nyuzi za kumetameta nalo livuliwe.

Wanja uoshwe vizuri kabla ya kuondoka nyumbani. Vipodozi vya macho vingine vina oksidi ya chuma, na chuma kidogo tu kope zikiwa nacho kinaharibu picha ya neva ya jicho, ambayo ndiyo inayotafutwa. Hina ya majani haina tatizo.

Sema mapema kama una betri ya moyo, klipu kichwani, kifaa cha sikio, au kama umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni. Mafundi wa kuchomelea na wa boti wanaulizwa hili mara mbili, na wasikasirike.

Kipimo cha ubongo pekee huchukua kama nusu saa, pamoja na uti huweza kufika saa nzima. Mashine inapiga kelele sana. Omba vizibo vya masikio. Kukohoa na kumeza mate mfululizo huharibu picha ya shingo kuliko ya ubongo.

Kipimo kikiangukia Ramadhani?

MRI ya ubongo haitaki tumbo tupu wala shibe. Habari ya sindano na saumu muulize shekhe wako. Kwa upande wa picha, madoa hayabadiliki kwa funga. Kinachoweza kubadilika ni ukubwa wa ubongo mzima, ambao hupungua kidogo mwili ukikosa maji. Kwa hiyo anayefuatiliwa kusinyaa kwa ubongo asipimwe mwaka huu saa kumi jioni ya mfungo na mwaka ujao asubuhi baada ya chai.

Wakati wa kaskazi joto likipanda jicho linaingia ukungu. Ni doa jipya?

Kwa kawaida si doa. Neva iliyowahi kuumia hupitisha ujumbe kwa tabu mwili ukipata joto, jambo lililoelezwa na Wilhelm Uhthoff mwaka 1890. Ukipoa, linaondoka. Dalili mpya inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi ndiyo ya kukimbilia hospitali.

Nina madoa mengi lakini natembea vizuri. Mwenzangu ana machache na anatumia fimbo. Vipi?

Mahali tena. Doa la milimita 5 kwenye uti linaweza kudhoofisha mguu. Doa la milimita 15 mbele ya ubongo linaweza kukaa kimya. Kwa kila shambulio analolihisi mgonjwa, madoa mapya huwa kama 5 hadi 10. Ndiyo sababu picha hurudiwa hata mtu akiwa mzima wa afya.

Picha irudiwe lini, na nini huharibu ulinganisho?

Mpango wa kawaida: moja kabla ya dawa, nyingine miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza, kisha kila mwaka. Ile ya pili ndiyo msingi mpya, kwa sababu dawa nyingi huchukua muda kufanya kazi na doa lililotokea mwezi wa kwanza halina maana kuwa dawa imeshindwa. Anayetumia dawa ya MS iitwayo natalizumabu, na kingamwili zake za virusi vya JC (vinavyoweza kuushambulia ubongo kwa anayetumia dawa hiyo) ziko juu, hupimwa kila miezi 3 au 4.

Kwa wa Pemba, kila kipimo ni safari ya boti, na mara nyingi picha ya kwanza inapigwa Unguja, ya pili Muhimbili, ya tatu pengine. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Mashine moja ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) na nyingine ya tesla 3 hazionyeshi madoa sawasawa. Yenye nguvu zaidi itaonyesha "mapya" ambayo yalikuwepo siku zote. Vipande vya milimita 5 vinakosa doa la milimita 3 ambalo vipande vya milimita 1 vinalinasa. Kichwa kikilazwa kwa pembe tofauti, doa moja linakuwa mawili. Dawa yake: mashine ileile ikiwezekana, sikwensi zilezile, na vipande vifuate mstari wa chini ya daraja la katikati.

Chukua CD au flashi yenye mafaili ya DICOM, yaani picha zenyewe kama zilivyotoka kwenye mashine, mafaili yote. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp haina thamani ya kulinganisha. Faili hilo lisome kwenye kompyuta kabla hujaondoka hospitali. CD tupu imewarudisha watu wengi Dar.

Watafiti wanayapimaje madoa?

Mafaili ya DICOM yanageuzwa kuwa NIfTI, aina ya faili inayotumiwa na watafiti, kwa kawaida kwa programu ya dcm2niix. Mng'ao usio sawa unasawazishwa, fuvu linaondolewa, T1 na FLAIR zinalazwa moja juu ya nyingine. Programu kama LST au SAMSEG inachora madoa, kisha mtu anakaa kusahihisha kwa mkono. Hatua ya mwisho usiiruke. Programu iliyofunzwa kwa picha za Ulaya za tesla 3 ikipewa picha za mashine ya hapa hukosea kwa njia zisizotabirika.

Ujazo ni hesabu ya vijiboksi mara ukubwa wa kijiboksi. Kwa milimita 1 kila upande, vijiboksi 1,000 ni mililita 1. Doa la duara lenye kipenyo cha milimita 3 lina vijiboksi kama 14 tu. Wachoraji wawili wakichora 14 kila mmoja na kukubaliana kwa 9, alama yao ya Dice (kipimo cha kulingana kwa michoro miwili, kutoka 0 hadi 1) ni 0.64, ingawa wote wawili wameliona doa lilelile. Kwa hiyo usimlaumu mchoraji kwa Dice ya chini kwa mgonjwa mwenye madoa madogo. Hesabu pia ni madoa mangapi yamekamatwa.

Ukitaka kupima kusinyaa kwa ubongo, jaza kwanza mashimo meusi ya T1 kwa rangi ya nyama nyeupe iliyo jirani. Usipofanya hivyo programu inayahesabu kama nyama ya kijivu. Mtu mzima mwenye afya hupoteza kama asilimia 0.1 hadi 0.3 ya ubongo kwa mwaka. MS isiyotibiwa huweza kufika asilimia 0.5 hadi zaidi kidogo ya 1. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba kubadilisha mashine katikati kunaimeza yote.

Mshipa wa katikati na ukingo wa chuma ni nini?

Ni alama mbili zinazoonekana kwenye sikwensi inayohisi chuma. Madoa mengi ya MS yana mshipa mdogo unaopita katikati. Vitone vya presha kwa kawaida havina. Baadhi ya madoa yana ukingo mweusi wa seli zilizobeba chuma, ishara kuwa uvimbe unaendelea polepole. Kwa nchi yenye presha nyingi na MS chache, alama ya mshipa ndiyo yenye faida zaidi, na sikwensi yake huongeza dakika chache tu.

Nataka kutumia picha za wagonjwa wa hapa kwenye utafiti. Nifute jina tu?

Haitoshi. Kwanza pata kibali cha maadili kupitia ZAHRI, Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Kisha futa jina, namba ya hospitali, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kipimo kwenye kila faili, na angalia maandishi yaliyochomwa juu ya picha yenyewe. Picha ya pande tatu inaweza kujengwa upya ikawa sura ya mtu, kwa hiyo uso ukatwe kwa programu kabla faili halijatoka. Na kwa maradhi machache kama haya, "mwanamke, miaka 29, shehia fulani, Micheweni" ni jina kamili kwa yeyote anayekaa huko. Andika rika, mathalani 25 hadi 34, na uishie kwenye "Pemba".